Kwangu na Yangu: Haki ya Mtalaka Kukaa Nyumbani katika Lugha, Riwaya na Sheria

1. Utangulizi

Ndoa inapovunjika, maswali mawili huzuka juu ya nyumba. La kwanza: nyumba ni ya nani? La pili: nani atakaa humo? Kwa mtazamo wa haraka haya huonekana kuwa ni swali moja lililoulizwa mara mbili, kwani mwenye nyumba ndiye anayetarajiwa kukaa ndani yake. Makala haya yanashikilia kwamba sivyo. Yanadai kuwa Kiswahili chenyewe huyatenganisha maswali hayo kwa uwazi mkubwa, kwa maumbo ambayo kila msemaji huyatumia kila siku. Yanadai pia kwamba fasihi yetu andishi na istilahi zetu za sheria zimeiacha tofauti hiyo ikapotea, na kwamba hasara ya kupotea kwake humwangukia mtu mmoja zaidi ya wengine, yaani mwanamke aliyepewa talaka.

Mahali patakapotumiwa kuupima uhakiki huu ni Kibabii, karibu na mji wa Bungoma, magharibi mwa Kenya. Wengi wa wenyeji ni Wabukusu. Pana misheni ya Kikatoliki, pana chuo cha ualimu, na pana chuo kikuu kilichopata hati yake mwaka 2015. Lugha tatu zinaishi hapo bega kwa bega: Kibukusu cha nyumbani na cha baraza la wazee wa ukoo, Kiswahili cha ofisi ya chifu na cha mahakama za chini, na Kiingereza ambacho ndicho lugha ya vifungu vya sheria na ya hukumu zinazoandikwa. Shauri la mtalaka juu ya nyumba hulazimika kupita katika lugha zote hizo. Hapana budi kuuliza ni kitu gani kinachobakia njiani.

Matini zitakazohakikiwa ni za aina tatu: sarufi na methali za Kiswahili, riwaya ya Said Ahmed Mohamed, Utengano (1980), iliyowahi kusomwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi wa sekondari nchini Kenya, na Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2013. Huenda mtu akastaajabu kuiona sheria imewekwa sahani moja na riwaya. Lakini sheria nayo ni matini. Ina wahusika, ina wakati, ina mahali, na ina mambo isiyoyataja. Mhakiki wa lugha anayo haki ya kuisoma kama anavyosoma matini nyingine yoyote.

2. Kuacha, kuachwa na kuondoka

Imekwisha kuelezwa mara nyingi kwamba vitenzi vya ndoa katika Kiswahili vinagawa kazi kwa jinsia. Mume huoa, mke huolewa. Mume huacha, mke huachwa. Mume hutaliki, mke hutalikiwa. Na kutokana na hayo lugha ikapata mtaliki, yaani mwanamume aliyetoa talaka, na mtalaka, yaani mwanamke aliyeipokea. Hata jina la tamthilia ya Penina Muhando, Talaka si Mke Wangu, limeundwa kama kauli itokayo kinywani mwa mume. Kauli ya kutendwa imemfanya mke kuwa mahali tendo linapoangukia.

Jambo ambalo halijaangaliwa vya kutosha ni kwamba vitenzi hivyo vinahusu pia mahali. Anayeolewa huhama, anayeachwa huhama tena. Kiswahili husema kwamba mtalaka "amerudi kwao", na hakuna anayeuliza kwa nini kurudi kuwe ni kwake yeye tu. Hata kauli ya kutendana, "wameachana", ambayo kwa umbo lake inawapa wote wawili nafasi sawa, haiwezi kuficha kwamba mmoja amebaki na mwingine amefungasha virago.

Ukichunguza umbo hilo "kwao", tofauti yenyewe inajitokeza. Mwanamume wa Kibabii aliyejenga katika shamba la baba yake anaweza kusema "kwetu" na "kwangu" akiwa amesimama papo hapo. Mwanamke aliyeolewa hawezi. "Kwao" ni kwa baba yake, na "kwake" ni kwa mumewe. Siku ya talaka hulazimika kuondoka "kwake" na kwenda "kwao". Lakini huko "kwao" kaka yake amekwisha kuoa, na mke wa kaka ndiye asemaye "kwangu" juu ya jiko ambalo zamani lilikuwa la mama. Mtalaka ana mahali pawili pa kutaja, na hana hata pamoja pa kulala bila kuomba.

Sasa na litazamwe umbo "kwangu" kando ya umbo "yangu". Mpangaji wa chumba kimoja mjini Bungoma humwambia rafikiye, "Karibu kwangu." Hadanganyi, wala hadai kuwa amenunua kitu. Kinyume chake, mwenye jengo lile huweza kusema "nyumba yangu ile pale", lakini hawezi kusema "kwangu" juu ya chumba alichokikodisha. Akisema hivyo, msikilizaji atadhani kwamba anaishi humo. Kwa hiyo maumbo haya mawili hutengana pande zote mbili: pana "kwangu" pasipo "yangu", na pana "yangu" pasipo "kwangu". La kwanza hutaja ukaaji, la pili hutaja miliki. Hili si pambo la maneno. Ni mfumo wa sarufi, na mtoto wa miaka mitano huutumia bila kukosea.

Methali nazo zinaunga mkono. Wahenga walisema kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Kwa kawaida methali hii hufasiriwa kuwa ni onyo dhidi ya uvivu wa mgeni. Lakini ina mantiki ya pili: apewaye jembe si mgeni tena. Mke katika shamba la Bungoma hushika jembe tangu majuma ya mwanzo ya ndoa, naye huendelea kulishika kwa miaka 20 au 30, katika mahindi, maharagwe na miwa. Ikiwa jembe ndilo linalokata ugeni, basi mtalaka anayeambiwa arudi kwao amefanywa mgeni kinyume cha methali yenyewe.

Kibukusu kina tofauti nyingine inayofaa kutajwa. Enju ni nyumba, na engo ni nyumbani, yaani mji mzima wa mtu pamoja na ua wake. Katika mji wa mume mwenye wake wengi, kila mke ana enju yake ndani ya engo moja. Hata Kiswahili cha Kenya husema "nyumba ya kwanza" na "nyumba ya pili", kikiwa na maana ya mke wa kwanza na wa pili pamoja na watoto wao. Nyumba hutambuliwa kwa mwanamke, na mji hutambuliwa kwa mwanamume. Kwa hiyo mke anapotolewa, ni vigumu kusema kwamba ametolewa katika nyumba ya mwingine. Jina la nyumba hiyo lilikuwa ni yeye.

3. Nyumba ya Bwana Maksuudi

Katika riwaya zetu, hapana talaka iliyowagusa wasomaji wa shule kama ile ya Bi Tamima katika Utengano. Bwana Maksuudi, tajiri na mtu wa siasa, amemtawisha mkewe na bintiye ndani ya nyumba. Bi Tamima anaposhikwa na uchungu wa kuzaa, Maimuna hulazimika kuvunja amri ya baba na kumwita mkunga, Bi Farashuu. Maksuudi anaporejea na kugundua, hufuata kipigo na talaka. Mkunga huyo naye ana kisa chake: binti yake aliwahi kuolewa na Maksuudi huyo huyo, akanyang'anywa mali yake, kisha akaachwa.

Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kama hadithi ya familia inayosambaratika kwa sababu ya udikteta wa baba. Usomaji huo ni sahihi. Hata hivyo, kwa swali linaloshughulikiwa hapa, ni muhimu kutambua kwamba mwandishi ametuletea wake wawili walioachwa na mume mmoja, na kwamba madhara yao si ya namna moja. Binti wa Bi Farashuu amepoteza "yangu": alikuwa na mali, ikachukuliwa. Bi Tamima amepoteza "kwangu": hakuwa na mali ya kuchukuliwa, bali alikuwa na mahali, na mahali pale pakatoweka kwa neno moja.

Tatizo la kifani na la kimaudhui ni kwamba riwaya inaitambua dhuluma ya kwanza kuwa ni dhuluma, yaani wizi unaoweza kutajwa, kukumbukwa na kulipiziwa kisasi. Dhuluma ya pili inaachwa iwe ni msiba tu. Hakuna mhusika anayeuliza kama Bi Tamima angeweza kubaki pale, hata kwa muda. Sababu moja ni taswira ya nyumba yenyewe. Mwandishi ameichora kuwa gereza; na katika hadithi ya gereza, kutoka ni ukombozi hata kama nje kuna shida. Taswira hiyo ina nguvu, lakini ina gharama. Ikiwa nyumba ni gereza, hakuna msomaji atakayemtetea mfungwa arudishwe ndani. Swali la haki ya kukaa limezimwa na sitiari kabla halijaulizwa.

Sababu ya pili ni suluhisho. Kisa kinaelekea kwenye kuanguka kwa Maksuudi, kisha toba na msamaha. Mume dhalimu mwishowe hufikwa na ufukara alioufanya uwafike wengine. Msomaji hutosheka, kwa kuwa haki imeonekana kutendeka. Lakini adhabu ya mume si makazi ya mke. Kumwondoa Maksuudi katika nyumba yake hakumrudishi Bi Tamima humo. Hapa fasihi imetoa malipo ya kimaadili pale palipohitajika malipo ya mahali.

Haielekei kuwa haki kumlaumu mtunzi kwa kutoandika sheria. Riwaya imefanya kazi yake: imeonyesha kwamba makazi ya mke yalining'inia kwenye ulimi wa mume. Lawama, ikiwa ipo, ni ya wahakiki na walimu walioichukua huruma kuwa ndiyo fundisho. Fasihi ya Kiswahili imezoea kumhurumia mtalaka, na hata mjane imemtendea vizuri kidogo zaidi. Katika Nguzo Mama (1982) ya Penina Muhando, kunyang'anywa mjane na jamaa za marehemu kumewekwa wazi kama tendo la unyang'anyi. Mtalaka bado anangoja mtunzi atakayemwonyesha si kama mtu aliyeonewa tu, bali kama mtu mwenye dai.

4. Sheria kama matini

Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 ilitungwa baada ya Katiba ya 2010. Katiba hiyo, katika kifungu cha 45, inawapa wanandoa haki sawa wakati wa kufunga ndoa, wakati wa ndoa na wakati wa kuvunjika kwake. Katika kifungu cha 68 inaliagiza Bunge litunge sheria ya kulinda mali ya ndoa, na hasa nyumba ya ndoa, wakati ndoa ipo na inapokoma. Maneno haya ya mwisho, "na inapokoma", yafaa yakumbukwe.

Kifungu cha 12 cha Sheria ya 2013 kinasema kwamba mwenzi hatafukuzwa na mwenziwe katika nyumba ya ndoa isipokuwa kwa amri ya mahakama. Ni kinga nzuri. Lakini kishazi cha wakati kilichofungwa nacho kinasema kuwa kinga hiyo ni ya muda ambao ndoa ingali hai. Katiba ilitaja nyakati mbili. Kifungu hiki kimebakiza moja. Siku amri ya talaka inapokamilika, mke wa jana hana tena kifungu kinachotumia kitenzi cha kukaa kwa ajili yake. Anahamishiwa kwenye kifungu cha 7, na hapo kitenzi ni kumiliki: mali hugawanywa kwa kadiri ya mchango wa kila mmoja katika kuipata.

Ni kweli kwamba maana ya mchango imepanuliwa. Kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kuwa mwenza, kusimamia biashara ya familia na kulima shamba, yote huhesabiwa. Hii ni hatua kubwa kutoka siku ambapo mahakama za Kenya ziliamua kesi hizi kwa Sheria ya Uingereza ya 1882, na hasa baada ya mwaka 2007, Mahakama ya Rufani ilipokataa kuyahesabu malezi na kazi za nyumbani kuwa ni mchango. Nchini Tanzania Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilikuwa imekwisha kukubali tangu mwaka 1983 kwamba kazi za mke nyumbani ni sehemu ya juhudi za pamoja zinazotajwa na Sheria ya Ndoa ya 1971. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika shauri linalojulikana kwa herufi JOO na MBO, ilieleza kwamba usawa wa kifungu cha 45 hauna maana ya kugawana nusu kwa nusu papo kwa papo. Kila upande huthibitisha mchango wake. Katika shauri lenyewe, mali iliyobishaniwa ilibaki imegawanywa sawa.

Mjadala huu wote, wa 1983 na wa 2023, ni mjadala wa "yangu". Unauliza sehemu ngapi ni za nani. Hauulizi ni nani atakayelala humo usiku wa leo, na watoto watafanya kazi zao za shule kwenye meza ipi, wakati hesabu ya michango ikiendelea kufanywa kwa miaka mahakamani.

5. Kibabii na Kitale

Uzito wa jambo hili huonekana vizuri zaidi mtu anapoyalinganisha maeneo mawili yaliyo jirani. Ardhi ya Kibabii, kama sehemu nyingi za Bungoma, ni ya urithi. Aghalabu hati ingali na jina la baba au la babu. Kitale ni habari nyingine. Nchi hiyo ya Trans Nzoia ilikuwa sehemu ya mashamba ya walowezi wa Kizungu, na baada ya uhuru wa 1963 ilinunuliwa na kugawanywa kwa miradi ya makazi, vyama vya ushirika na watu binafsi. Wabukusu wengi walikwenda huko. Kwa hiyo si ajabu familia moja kuwa na mji wa mababu Kibabii na shamba la kununua Kitale.

Na ichukuliwe mfano wa mume na mke wa namna hiyo. Mke ameishi Kibabii kwa miaka 20. Amekandika kuta, amepanda migomba, amelea watoto. Shamba la Kitale lilinunuliwa wakati wa ndoa kwa majina yao wote wawili, na mke hakuwahi kulala huko hata usiku mmoja. Ndoa inavunjika. Kwa mujibu wa kifungu cha 6, shamba la Kitale ni mali ya ndoa, na mke ana fungu lake. Lakini kifungu hicho hicho kinasema kwamba mali iliyo katika amana, pamoja na ile inayoshikiliwa kwa amana ya kimila, si mali ya ndoa. Tena, nyumba ya ndoa kwa tafsiri ya sheria ni ile inayomilikiwa au kukodishwa na mwenzi mmoja au wote wawili. Na nyumba ya Kibabii imesimama juu ya ardhi ambayo hati yake ni ya babu. Mwanamke huyu anapata pale ambapo hajawahi kupaita kwake, na anapoteza pale ambapo hakuwahi kupaita vinginevyo.

Ipo, hata hivyo, sentensi moja ambayo wasomaji wengi huipita haraka. Kifungu cha 11 kinaitaka mahakama, wakati wa kugawanya mali, izingatie mila za jamii husika maadamu hazipingani na Katiba. Na miongoni mwa mambo yanayotajwa ni kanuni za kufika na kutumia ardhi ya mababu na mji wa kimila kwa mke au wake, au aliyekuwa mke au waliokuwa wake. Hapa, na karibu hapa tu, sheria inamtaja mwanamke ambaye si mke tena, ikamtaja pamoja na ardhi isiyoweza kuwa yake, na ikatumia vitenzi visivyo vya miliki: kufika, kutumia. Kwa maneno mengine, sheria imejaribu kusema "kwangu" katika lugha ambayo haina umbo hilo.

Kwamba wazo hili si geni Afrika Mashariki kulidhihirika mwaka 1987, katika shauri la mazishi ya wakili S. M. Otieno. Ukoo wa marehemu ulishikilia kuwa Mjaluo huweza kuwa na nyumba Nairobi lakini mji wake ukawa kwao, na Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo haki ya kumzika Nyalgunga. Hoja ile ilitumiwa dhidi ya mjane. Lakini kama mahakama iliweza kukubali kwamba mwanamume ana "kwao" pasipotegemea hati ya nyumba, hakuna sababu ya kiisimu wala ya kimantiki ya kumnyima mwanamke "kwake" kwa kipimo hicho hicho.

Upo pia upande wa watoto. Mvulana wa Kibukusu hutahiriwa katika mji wa baba yake, mwezi wa Agosti wa mwaka unaogawika kwa mbili. Mama aliyeachwa ana mtoto anayepaswa kusimama katika ua ule, na yeye mwenyewe hana enju tena humo. Haki ya kufika inayotajwa na kifungu cha 11 si jambo la vitabuni. Ni suala la mama kuwapo, au kutokuwapo, siku mwanawe anapokuwa mtu mzima.

6. Eda na mifano mingine

Wasemaji wa Kiswahili hawahitaji kwenda mbali kutafuta neno la ukaaji usiotegemea miliki. Neno eda limo katika lugha tangu zamani. Kwa sheria ya Kiislamu, mke aliyepewa talaka rejea hukaa eda katika nyumba ya mume, na Sura ya Talaka katika Kurani inakataza kumtoa humo isipokuwa kwa sababu maalumu. Muda wake ni tohara tatu, au mpaka kujifungua kwa mwenye mimba. Hapo miliki haijaguswa. Nyumba ingali ya mume. Kilicholindwa ni kukaa. Sheria ya 2013 inaruhusu Waislamu kufuata sheria yao katika mali ya ndoa, lakini wazo lenyewe, yaani muda wa kukaa uliopimwa na kulindwa baada ya neno la talaka kutamkwa, halikuchukuliwa kuwa somo kwa wengine.

Uingereza, ambako Kenya iliazima sheria ya 1882, ilikwisha kutengana nayo. Mwaka 1965 Mabwana wa Sheria waliamua kwamba mke aliyetelekezwa hana haki ya kukaa inayoweza kuizuia benki. Bunge likajibu kwa Sheria ya Nyumba za Ndoa ya 1967, iliyompa mwenzi asiyemiliki haki ya kukaa. Sheria ya Familia ya 1996 ikaenda mbele, ikaruhusu mahakama kumpa hata mtalaka asiyemiliki chochote amri ya kukaa kwa muda usiozidi miezi 6, unaoweza kurefushwa. Kenya nayo, kwa Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015, inaruhusu mahakama kumwachia aliyedhulumiwa nyumba waliyokuwa wakiishi pamoja, bila kujali mmiliki ni nani. Hii ina maana kwamba mwanamke hupata "kwangu" akiwa na majeraha ya kuonyesha. Aliyeachwa bila kupigwa hubaki na hesabu ya michango.

7. Pingamizi

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba kuwaweka wawili waliotalikiana katika ua mmoja ni kuchochea moto, hasa ikiwa mume ameoa tena. Watasema pia kwamba ardhi ya mababu si ya mume peke yake hata aweze kuitoa, na kwamba Katiba yenyewe inalinda vizazi vijavyo. Pingamizi hizi ni nzito, wala hazistahili kubezwa.

Lakini zote mbili zinajibiwa na tofauti ile ile ya mwanzo. Haki ya kukaa haimlazimishi mtu kukaa pamoja na mwingine. Inauliza tu ni nani atoke kwanza, kwa muda gani, na aende wapi. Wala haki ya kukaa haihamishi ardhi ya ukoo. Anayesema "kwangu" hasemi "yangu", na kwa sababu hiyo hiyo ukoo hauna la kuogopa. Hofu ya wazee kwamba mtalaka ataondoka na shamba ni hofu ya miliki. Wakiambiwa kwamba anachodai ni paa hadi watoto wakue, au hadi fungu lake la Kitale litakapouzwa, mazungumzo yatakuwa mengine. Hayawi mengine kwa sababu Kiswahili kinachotumiwa barazani kimechukua neno "mali" na kulifanya lifunike kila kitu.

8. Istilahi na hitimisho

Istilahi "mali ya ndoa" na "nyumba ya ndoa" zimekwisha kuenea, wala hazina kosa la sarufi. Kosa ni kuziacha peke yake. Zote mbili zimejengwa juu ya kihusishi cha milki, na zinaliongoza sikio kwenye swali la ya nani. Inapendekezwa kwamba kando yake itumiwe istilahi "haki ya kukaa", yenye kitenzi ndani yake, na wala si "umiliki wa muda", ambayo huirudisha haki hiyo katika milki kwa mlango wa nyuma. Kadhalika, maneno ya kifungu cha 11 yafasiriwe "aliyekuwa mke" na siyo "mtalaka". Kwani "mtalaka" humtaja kwa tendo alilotendewa, ilhali kifungu kinamtaja kwa uhusiano wake na mahali.

Katika uhakiki wa fasihi, Utengano na maandishi ya jinsi hiyo yasomwe upya kwa kuuliza si nani alikosa tu, bali nani alibaki ndani, kwa idhini ya nani, na kwa muda gani. Mwanafunzi wa Kibabii anayejifunza maumbo ya "kwa" katika darasa la sarufi na anayeisoma talaka ya Bi Tamima katika darasa la fasihi hajaambiwa bado kwamba masomo hayo mawili ni somo moja.

Mkalimani naye asisahauliwe. Katika mahakama ya chini ya Bungoma au Kitale, mwanamke husimama na kusema, "Nataka kubaki kwangu." Likiandikwa kwa Kiingereza kuwa anadai nyumba ni mali yake, amekwisha kushindwa, kwa kuwa atatakiwa kuleta hati asiyokuwa nayo kwa dai ambalo hakulitoa. Kulinda neno hilo moja lisibadilike njiani si kazi ya mawakili peke yao. Ni kazi ya idara za lugha, na kazi hiyo haijaanza.